Udanganyifu katika mashindano ya mtandaoni: Tulimhukumu mtoto kwa asilimia

Ijumaa moja mwaka 2023, yapata saa tano za usiku, mimi na wenzangu wawili tulimfukuza mtoto wa kidato cha tatu katika klabu yetu ya sataranji kwa kosa la wizi. Hatukumwita. Hatukumuuliza. Wala uso wake hatukuuona, kwani klabu yenyewe ni ya mtandaoni, kila mmoja yuko kwake na simu yake. Tangazo la kumfukuza niliandika mimi kwa mkono wangu, na nakumbuka nilijisikia vizuri nilipolituma, kama mtu aliyetenda haki.

Nimeona nilieleze jambo hili hapa kwa sababu klabu za namna hii zimekuwa nyingi mijini, za sataranji, za drafti, za mpira wa kwenye simu, na karibu zote zinaongozwa na watu wa aina yangu: nia wanayo, kanuni iliyoandikwa hawana, na uwezo wa kumtoa mtu kwenye kundi wanao kwenye kidole gumba.

Kabla sijaendelea, najua wapo watakaouliza: hivi hiyo sataranji yenyewe inafaa? Masheikh wametofautiana tangu zamani. Wapo wanaoiharamisha, wapo wanaosema ni makuruhu, wapo wanaoiruhusu kwa sharti la kutoingia kamari wala kuchelewesha swala. Januari 2016 aliyekuwa Mufti wa Saudi Arabia alitoa kauli ya kuikataza, na Desemba 2017 mji wa Riyadh ukawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya sataranji ya kasi. Mwenye kutaka hukumu na amuulize sheikh wake. Mimi leo nazungumzia jambo lisilo na khitilafu, nalo ni mtu kumdhulumu mwenzake katika mchezo, na kamati kumdhulumu mtu kwa jina la kuzuia dhulma hiyo.

Klabu yetu ilianza mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya corona na vijana wakawa hawana pa kwenda. Tulichagua kuchezea Lichess, mtandao ulioanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa mmoja, Thibault Duplessis, ambao hautozi kitu wala hauna matangazo ya biashara. Kila Ijumaa baada ya Isha tunacheza raundi saba. Tulianza watu kumi na wawili. Tulipofika mwaka wa tatu tulikuwa sitini, wengi wa Dar es Salaam, wachache Zanzibar na Tanga, na wawili walioko Muscat. Zawadi ilikuwa ndogo. Mwanzo tulichangishana kila mchezaji kiasi fulani na mshindi akazoa, mpaka mzee mmoja alipotuuliza tofauti ya hicho tunachofanya na kamari ni nini. Hatukuwa na jibu. Tangu hapo zawadi ikawa inatolewa na mfadhili, mwanachama mwenzetu mfanyabiashara. Mkumbukeni huyu mfadhili, nitarudi kwake.

Sasa, udanganyifu katika mchezo huu unafanyikaje? Ni rahisi mno, na hapo ndipo penye fitina. Mwaka 1997 ilihitajika kompyuta kubwa ya kampuni ya IBM, iitwayo Deep Blue, kumshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov. Leo programu ya bure kama Stockfish, ikiwa ndani ya simu ya kawaida, inamshinda bingwa yeyote aliye hai. Kwa hiyo mtu anacheza nasi kwenye simu moja, na pembeni ana simu ya pili yenye programu inayomwambia sogeza farasi hapa, kula ngome ile. Wanafunzi wetu wanakuita huko kuangalizia. Tofauti ni kwamba kwenye mtihani unamwangalizia mwenzako ambaye naye anaweza kukosea, hapa unaangalizia kwa kitu ambacho binadamu hakiwezi.

Usiku ule kijana wetu alimfunga mmoja wa wachezaji wetu hodari. Kijana anakaa Mbagala, anacheza kwa simu ya kaka yake, alikuwa na miezi minne tu katika klabu. Dakika kumi baada ya mchezo, aliyefungwa akatuma kwenye kundi la WhatsApp picha ya uchambuzi wa mchezo ule: usahihi wa kijana asilimia 96. Chini yake akaandika neno moja, "Jionee wenyewe." Basi. Ndani ya saa moja mtoto alikuwa ameitwa mwizi, mchawi, tapeli, na mmoja akamwandikia kwamba ndiyo maana hafaulu shule, jambo ambalo sijui alilijua vipi. Mtoto aliandika mara mbili, "Sijaiba jamani," kisha akanyamaza. Tukachukua kunyamaza kwake kuwa ni kukiri.

Kamati ya watu watatu ikakutana kwa simu. Na mmoja wa hao watatu alikuwa ni yuleyule aliyefungwa! Yeye ndiye mlalamikaji, yeye ndiye shahidi, na yeye ndiye hakimu. Hata mwanafunzi wa mwanzo wa fiqhi anaijua kanuni kwamba mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Sisi tulikuwa na mdai, tukampa na kiti cha kadhi.

Ilichukua miezi mingi mimi kujifunza kuisoma ile asilimia 96. Niliufungua mchezo ule mwenyewe, hatua kwa hatua. Ulikuwa na hatua 22 tu. Katika hatua ya tisa mwenzetu alipoteza malkia kwa uzembe, na kuanzia hapo kijana hakuwa na la kufanya ila kula kilicho wazi na kukimbizana na mfalme. Mchezo wa namna hiyo hata mimi, ambaye si hodari, napata asilimia zaidi ya tisini. Programu inapima tu kama umecheza sawa na inavyoona yenyewe. Haijui kama swali lilikuwa gumu au rahisi. Ni sawa na kumtuhumu mwanafunzi kwa kuibia kwa sababu amepata mia kwa mia katika jaribio la kujumlisha mbili na mbili.

Kisha nikafanya hesabu nyingine. Wachezaji sitini kwa raundi saba ni michezo 210 kwa usiku mmoja. Kila mchezo una wachezaji wawili, kwa hiyo kila Ijumaa tunapata matokeo 420 ya mtu mmoja mmoja. Kwa wiki hamsini ni matokeo 21,000. Chukua mchezo wa ajabu unaomtokea mtu mkweli mara moja tu katika michezo elfu. Kwa mwaka tutauona mara 21, bila ya mtu yeyote kuiba! Kila mmoja kati ya hao 21 angeweza kupigwa picha na kuwekwa kwenye kundi. Profesa Kenneth Regan wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi ya kupima udanganyifu katika sataranji kwa njia ya takwimu, amekuwa akisisitiza jambo hili hili: maajabu hutokea, na takwimu peke yake, bila ya ishara nyingine, inahitaji kuwa nzito sana kabla haijamtia mtu hatiani.

Ishara hizo nyingine ni zipi? Mtu anayetumia programu mara nyingi hutumia muda uleule kwa kila hatua, sekunde nane kwa hatua ya kijinga na sekunde nane kwa hatua ambayo bingwa angeifikiria robo saa. Anaweza kuonekana anatoka kwenye ukurasa wa mchezo na kurudi kila zamu yake. Kiwango chake kinaruka ghafla na kubaki juu. Mengi ya haya wanaoyaona ni wenye mtandao, sisi kamati ya mtaani hatuyaoni. Na Lichess inapoamini kuwa mtu amedanganya humwekea alama kwenye akaunti yake na kuwarudishia pointi waliodhulumiwa. Akaunti ya yule kijana haikuwahi kuwekewa alama. Sisemi kukosa alama ni uthibitisho wa usafi, wapo wezi wanaopita. Nilipitia michezo yake yote arobaini na tatu aliyocheza nasi. Ni michezo ya mtoto anayejifunza: anapoteza ngome, anasahau kulinda mfalme, anashinda mchezo mzuri leo na kufungwa vibaya kesho.

Haya hayapo kwetu tu. Wakubwa wa dunia nao yamewashinda. Mwaka 2010, katika Olimpiadi ya sataranji iliyochezwa Khanty-Mansiysk, Urusi, mchezaji wa Ufaransa Sébastien Feller alisaidiwa na watu wawili: mmoja alikuwa Ufaransa akifuatilia kwa kompyuta na kutuma ujumbe wa simu, na mwingine, kocha, akisimama karibu na meza fulani ukumbini kama alama ya hatua ya kucheza. Walikamatwa kwa ujumbe uliokutwa kwenye simu. Shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 2012 lilimfungia mchezaji miaka miwili na miezi tisa, na kocha miaka mitatu. Naipenda hukumu ile kwa jambo moja, kwamba mtu mzima aliyepaswa kumwongoza kijana alipewa adhabu kubwa kuliko kijana mwenyewe. Mwaka 2019 Igors Rausis, mtu wa miaka 58, alipigwa picha chooni akiwa na simu katika mashindano ya Strasbourg. Alikiri, akanyang'anywa cheo cha ukuu na kufungiwa miaka sita. Hizo ni kesi zenye ushahidi wa mkononi, na hazikuwa na utata.

Utata uko mtandaoni. Septemba 2020 timu ya Armenia Eagles ilishinda fainali ya ligi ya mtandaoni ya Chess.com dhidi ya timu ya Saint Louis. Siku chache baadaye Chess.com ikatangaza kuwa mchezaji mmoja, Tigran L. Petrosian, alikiuka kanuni za uchezaji wa haki. Akafungiwa maisha, timu nzima ikaondolewa, ubingwa wakapewa waliofungwa. Mwenyewe alikanusha. Huenda hukumu ilikuwa sahihi, na kumpokonya mtu ubingwa alioupata kwa njia isiyo halali ni jambo la lazima, kwani waliodhulumiwa wana haki yao. Lakini mpimaji, mwendesha mashitaka na hakimu walikuwa kampuni moja, na kipimo chenyewe ni siri ya kampuni. Wanasema wakikiweka wazi wezi watakikwepa. Ni hoja ya kweli, ila na anayehukumiwa kwa siri naye ana hoja.

Mwaka 2022 yakatokea makubwa zaidi. Tarehe 4 Septemba, mjini Saint Louis, bingwa wa dunia wa wakati huo Magnus Carlsen alifungwa na kijana wa miaka 19, Hans Niemann. Kesho yake Carlsen akajitoa mashindanoni bila ya kusema sababu, na dunia nzima ikaelewa anachomaanisha. Niemann alikiri kuwa aliwahi kudanganya mtandaoni alipokuwa na miaka 12 na alipokuwa na miaka 16. Chess.com ikatoa ripoti ya kurasa 72 ikidai huenda alidanganya katika michezo zaidi ya 100 ya mtandaoni, lakini haikutoa ushahidi wa moja kwa moja kuhusu mchezo ule wa mezani. Niemann akafungua kesi akidai dola milioni 100. Mahakama ikaitupa Juni 2023, na Agosti mwaka huo pande zote zikasuluhishana. Desemba 2023 kamati ya maadili ya FIDE ikamtoza Carlsen faini ya euro 10,000 kwa kujitoa mashindanoni bila sababu ya halali, ikamwondolea makosa mengine. Ninachokiona hapo ni kijana aliyeiba utotoni, akakiri, kisha kila anaposhinda anakumbushwa. Je, kuna siku anamaliza deni lake? Kamati isiyoandika mwisho wa adhabu imetoa adhabu ya maisha bila ya kujua.

Na wapo waliotuhumiwa bila ya kuwahi kupatikana na kosa lolote. Daniel Naroditsky, mwalimu na mchezaji wa Marekani aliyependwa na maelfu, alituhumiwa hadharani mara kwa mara na bingwa wa zamani wa dunia Vladimir Kramnik. Alikanusha. Oktoba 2025 alifariki akiwa na miaka 29. Sisemi tuhuma ndizo zilizomuua, hilo si langu kulisema. Ila FIDE baadaye ilipeleka matamshi ya Kramnik mbele ya kamati yake ya maadili, na kanuni zake zinatambua kuwa tuhuma isiyo na msingi wowote nayo ni kosa lenye adhabu. Mimi niliposoma habari ile nilikumbuka "Sijaiba jamani."

Nirudi kwa mfadhili wetu. Mwaka 2024 akaunti yake iliwekewa alama na Lichess yenyewe. Hapakuwa na picha kwenye kundi, wala hakuna aliyeandika neno mwizi. Tulikwenda watatu dukani kwake Kariakoo, tukakaribishwa juisi. Alikiri bila ya kuzungushana: alikuwa na simu ya pili, alianza kwa kujifunza, akazoea. "Ni udhaifu, ndugu zangu, mnisitiri," alisema. Tukamsitiri. Akafungua akaunti nyingine, akaendelea kucheza, na ubingwa wake wa miezi mitatu nyuma ukabaki kwenye orodha, ingawa waliofungwa naye walikuwepo na majina yao tunayajua. Kusitiriana ni jambo jema, sipingi. Lakini tulimsitiri mwenye zawadi aliyekiri, na tulimwanika mwenye simu ya kaka yake aliyekana. Njiani kurudi hakuna aliyesema kitu mpaka tulipofika Msimbazi.

Mwaka 2025 nilikwenda Mbagala. Nilimpata mama yake kwanza, anauza vitumbua barazani. Nilipojitambulisha aliendelea kugeuza vitumbua vyake kwa muda, kisha akasema, "Kaka yangu, mwanangu aliacha kwenda msikitini wiki mbili. Mmoja wa waliomtukana anaswali palepale, na ni mtu mzima." Kijana alipotoka amekuwa mrefu, amemaliza kidato cha nne.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza habari ya hatua 22, ya malkia, ya michezo arobaini na tatu. Hakuonekana kushangaa, kwani yeye alikuwa anayajua yote hayo tangu usiku ule. Kisha akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, tangazo la kunitoa mliliweka kwenye kundi. La kunisafisha mtaliweka wapi?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuja na radhi yangu mfukoni, ya mtu na mtu, nikidhani inatosha.

Kamati ilibishana wiki tatu. Mmoja alisema tukitangaza tutajivunjia heshima na wanachama watahoji hukumu nyingine. Nikamwambia na wazihoji. Hatimaye tulikubaliana, na tukaandika kanuni ambazo tulipaswa kuziandika mwaka 2020. Malalamiko yanapelekwa kwa watu wawili wasiohusika na mchezo huo, na mwenye kuyaweka kwenye kundi anasimamishwa yeye kwanza, hata kama anachosema ni kweli. Mtuhumiwa anaambiwa ni mchezo gani na anaulizwa; akiwa mtoto, anaulizwa mzazi wake akiwepo. Mchezo unapelekwa kwa wenye mtandao wautazame. Aliyefungwa haketi kwenye kamati. Anayekiri mara ya kwanza anakaa nje miezi sita, jina lake halitangazwi, lakini matokeo yake yanafutwa, zawadi inarudi, na waliofungwa naye wanaarifiwa mmoja mmoja kwamba pointi zile ni zao. Miezi sita ikiisha, imeisha, na atakayemkumbusha naye ana kesi. Anayesafishwa anasafishwa palepale alipochafuliwa.

Juu ya mfadhili tuligawanyika. Mimi nilitaka kanuni ya kurudisha zawadi imhusu na yeye, wenzangu wakasema kanuni haihukumu yaliyopita. Nilishindwa kwa kura mbili kwa moja. Baadaye mwenyewe alipopata habari alirudisha zawadi zote tatu, akaomba miezi yake sita ianze siku hiyo. Sikuitarajia kwake, nakiri.

Tangazo la kumsafisha kijana nililiandika mimi, kama nilivyoliandika la kwanza, nikalituma Ijumaa baada ya Isha, saa ileile watu wanapokuwa wengi. Wanachama kumi na tisa waliokuwepo mwaka 2023 walikuwa wameshaondoka kwenye kundi, kwa hiyo niliwatafuta na kuwatumia mmoja mmoja. Kumi na wanne wamejibu. Yule aliyemwandikia habari za kufeli shule amesoma, hajajibu. Kijana tumemrudisha kwenye kundi na jina lake lipo kwenye orodha, ila hajacheza mchezo hata mmoja. Mama yake anasema siku hizi anacheza ubao wa mbao na wenzake pale kituo cha daladala, ambapo kila mtu anamwona mwenzake mikono.